Vidole Gumba Kumi na Kimoja

Ndugu yangu mkubwa, Wafula,

Juzi redio ilisema ni miaka sitini tangu vita vikuu viishe. Nikaizima. Hata hivyo nikasikia buti zako uani, zile ulizorudi nazo kutoka Burma, na lile swali lako.

Unakumbuka ile barua? Serikali ilikuwa ikiwagawia askari wazungu mashamba huku Kitale, nasi tuliozaliwa kijiji cha Kwanza tukaambiwa tupunguze ng'ombe, kisha tuhame. Ukaja kwangu na wenzako kumi mliopigana pamoja. Mkasema, nikaandika: tulimpigania Mfalme mmoja na hawa, tunaomba ardhi kama wao. Mkachovya vidole gumba kwenye wino, mmoja mmoja, mkavibonyeza chini ya barua. Mlinipa mimi niipeleke ofisini itumwe kwa Mfalme, kwa sababu nilikuwa karani wa serikali.

Kila Jumamosi ulitembea kutoka Kwanza, ukasimama dirishani pangu.

"Karani, Mfalme amejibu?"

"Bado."

"Au bado anatafuta miwani?"

Ofisi nzima ilicheka. Nami nilicheka, na barua ilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu.

Sikuipeleka, ndugu yangu. Kila mtu pale aliujua mwandiko wangu, nikaogopa kufutwa kazi. Nilijiambia wiki ijayo, wiki ijayo, hadi nyumba zenu zikachomwa mkahamia Kabuchai, kwenye kipande cha mjomba kilichojaa mawe. Huko ndiko ulikofia. Ulinishika mkono ukasema, "Wewe angalau ulijaribu." Nikaitikia. Nikaitikia, Wafula!

Sikuweza kuichoma. Ningevichomaje vidole vyenu? Imekaa kwenye sanduku la bati miaka yote hii, chini ya kitanda ambacho sasa sishuki bila kushikwa.

Jana nilimkabidhi barua hiyo mjukuu wetu Nekesa. Siku ya mazishi yangu, kabla ya historia ya maisha yangu kusomwa, ataisoma pamoja na hii ninayokuandikia, mbele ya watoto wenu ninyi kumi na mmoja.

"Kuka, babu yangu, watu watasema nini?"

"Watasema nimechelewa."

Akauliza kama ile historia iendelee kusema nilikuwa karani mwaminifu. Nikamwambia afute.

Msamaha sitauomba kwa karatasi, nakuja mwenyewe. Ukiniona, usiniulize tena kama Mfalme amejibu. Hakuwahi kuulizwa.

Mdogo wako,
Karani