Chokoleti ya Biskuti Kwenye Friza ya Samaki

Mama Awuor,

Nina habari moja tu, na sijui niianzie wapi, mimi ambaye kazi yangu ni kuanza habari.

Mtoto wako aliomba kitu. Tangu tulipokuzika nyumbani hajaomba chochote. Anakula akiambiwa, analala akiambiwa. Halafu siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia akasema, "Baba, nataka ile chokoleti ya Mama." Nikasema sawa. Nilidhani ni jambo dogo. Haiokwi, haichemshwi.

Niliifanya kama nilivyokuona ukiifanya ukitoka sokoni. Nikaponda biskuti ndani ya mfuko kwa chupa ya soda, nikaacha vipande vingine vikubwa. Nikayeyusha majarini, nikakoroga na kakao na maziwa mazito ya kopo, nikachanganya na biskuti. Nikaviringisha kwenye nailoni kama gogo, nikaweka ndani ya friza yako. Ikashika. Nilipoikata ilikuwa na madoadoa meupe ya biskuti, kama yako kabisa.

Awuor akainusa. "Si hii."

Nikampigia simu dada yako Atieno kule Luanda Kotieno. Alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Shemeji, wewe ni ripota wa aina gani? Chokoleti ya dada yangu ilinuka ngege! Si ilikuwa inalala na samaki wake wa biashara? Sisi wote tulijua. Tulikula tukanyamaza."

Mimi sikuwahi kuisikia harufu hiyo. Nyumba yetu yote pale Manyatta ilinuka samaki, na mimi nilikuwa ndani yake.

Ndipo nikakumbuka. Wakati wa matanga, wake wa ndugu zangu waliisugua friza kwa sabuni na ndimu ili iwekwe soda za wageni. Waliisugua vizuri. Siwezi kumlaumu mtu.

Nikanunua ngege wawili, nikawalaza kando ya gogo jipya. Siku yake ilipofika nikamkatia kipande. Akanusa, akaniangalia kwa huruma kama mtu mzima. "Baba, hii sasa inanuka samaki."

Nimewahoji watu ambao ziwa limemeza nyumba zao, na siku zote nilikuwa na swali la pili. Hapo nilibaki nimeshika gogo.

Akalichukua gogo mikononi mwangu, akalirudisha ndani, akapanda juu ya kifuniko cha friza, akakaa. Nilikuwa nimesahau. Mpira wa kile kifuniko umekwisha, na wewe ulikuwa unamkalisha pale ili kifunge. Mimi huwa naweka tofali.

"Mama alikuwa anakaa huku," akasema, akasogea.

Nikakaa. Kifuniko kikalia chini yangu. "Polepole," akaniambia. "Usimvunjie Mama friza yake."

Nikangoja aniambie kinachofuata. Nilidhani mlikuwa mnaimba, au mnapiga hadithi, au unamuuliza mambo ya shule. Hukuwahi kunieleza na mimi sikuwahi kuuliza. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, naandika. Nikamwambia, "Halafu?"

"Halafu hakuna. Tunangoja."

Basi tukangoja. Miguu yake haifiki chini, alikuwa akiipigapiga friza kwa visigino. Baridi ikanipanda mgongoni. Sikuthubutu kuinuka kwanza.

Baadaye nikamuuliza kama iko tayari. Akasema bado. Jana nikamuuliza, akasema bado. Siku yake imepita, gogo limo mle ndani, gumu kama jiwe, na hajalionja. Sijui anangoja nini kishike. Najua tu kwamba jioni ikifika ananiita, na mimi sina kingine cha kumpa isipokuwa uzito wangu.

Friza sitaisugua tena, na tofali nimelitupa. Kila atakaponiita nitakaa upande wako mpaka aseme tayari, na kipande cha kwanza atakikata yeye.

Oriti, kwaheri, Mama Awuor. Pumzika wewe. Huku tumekalia kifuniko.

Baba Awuor