Simfonia ya Sita kwenye Meza ya Pasi

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi. Natumaini u mzima, na mkeo mzima, na kikohozi chako kimekuaga. Mimi nipo. Magoti yananilalamikia kila nikipanda ngazi, lakini wateja wa dobi hawaulizi habari za magoti, wanauliza mashati yao.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kurasa nne. Mama mkwe wako ametajwa mara kumi na moja, mimi mara mbili, na moja kati ya hizo ni kwenye bahasha.

Naambiwa mkutubi huyu mstaafu ana kabati zima la santuri, na kila Jumapili mchana anakukalisha akufundishe simfonia za Warusi. Vizuri, sina neno. Nakumbusha tu kwamba tangu ulipofiwa na wazazi ukiwa na miaka sita, masikio hayo yamelelewa chini ya meza yangu ya pasi, redio ikiwa juu ya rafu ya sabuni. Tofauti ya tarumbeta na saksafoni nilikuonyesha mimi. Sikujua kwamba namkuzia mkutubi.

Kilichonichoma ni mstari wa mwisho, kwamba likizo ya Agosti "huenda" ukaimalizia huko kwa sababu kuna onyesho la okestra. Miaka tisa sasa Agosti ni yangu. Basi na mimi nitajifunza hao Warusi wenu. Niambie, mtu asiyejua kitu anaanzia wapi?

Shangazi yako

19 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo, kikohozi kimekwisha. Pole na magoti. Punguza zile ngazi, hata kama najua utapanda tu.

Ile hesabu imenichekesha. Mke wangu hakucheka, amesema nikishika kalamu lazima niwashe moto mahali. Mama hajamwiba mtu, Shangazi. Anapenda tu kuwa na wa kusikiliza naye.

Umeuliza pa kuanzia. Mama anasema mgeni asilivamie kabati zima. Achague simfonia moja, aisikilize katika rekodi mbili tofauti. Ya kwanza wamepiga Warusi wenyewe: tarumbeta zinabweka, fidla zinakwenda kama zinafukuzwa. Ya pili kiongozi wake ni mtu wa taratibu, kila sauti imefutwa vumbi. Noti ni zilezile, ila ni kama shati moja kupigwa pasi na watu wawili. Utajua mwenyewe ungevaa lipi. Usinunue kwa picha ya kasha, maana farasi kwenye theluji hawaimbi. Na usidharau rekodi iliyochukuliwa mbele ya watu, hata kama wanakohoa.

Kati ya simfonia za yule Mrusi anayempenda Mama kuliko wote, Namba Nne itakuamsha. Namba Tano inaanzia gizani na kuishia mwangani. Namba Sita iache kwanza, ni nzito.

Likizo bado sijaamua.

Mwanao

23 Machi

Mwanangu,

Salaam kwako na kwa mkeo, na kwa huyo ambaye sasa naona anaitwa Mama tu, bila mkwe. Haya. Mimi mzima.

Uliposema Namba Sita niiache, nikajua hiyo ndiyo mnayonificha. Nimeinunua. Santuri mbili nzito ndani ya boksi moja, kwa muuza vitu vikuukuu nyuma ya soko. Juu ya kasha kuna farasi kwenye theluji, na naomba usiseme kitu. Gramafoni nimeazima kwa fundi viatu jirani, naye ameniazima kwa sharti kwamba asisikilize.

Nimeipiga asubuhi kumi na mbili mfululizo, pasi mkononi, santuri ya kwanza pande zote mbili, kisha ya pili. Sasa sikia maoni ya dobi. Mtu anaamka na mwili unamuuma, kama mimi. Anapigana na siku yake mpaka anachoka. Halafu analia. Mwanangu, analia vibaya, fidla zinashuka chini kama mtu anayeketi sakafuni, nikasahau pasi juu ya kola ya karani wa mahakama. Lakini haachi mambo hapo. Anajaribu kucheza, dansi yenyewe inachechemea kidogo, na mwisho anaondoka kwa gwaride, ngoma na tarumbeta, uso umekwisha oshwa. Nikaweka pasi chini nikapiga makofi peke yangu.

Mwambie mkutubi kwamba simfonia hii ni ya mtu aliyelia akamaliza, akarudi kazini. Kama ana maoni bora, alete.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Huku wote wazima, natumaini nawe pia.

Barua yako niliisoma kwa sauti mezani. Tulicheka mpaka Mama akavua miwani. Usikasirike. Simfonia haiishii kwenye gwaride. Maboksi ya zamani yalitengenezewa gramafoni zile zinazodondosha santuri zenyewe, moja juu ya nyingine, kisha unageuza rundo lote mara moja. Ndiyo maana upande wa kwanza mgongoni mwake una upande wa nne, na wa pili una wa tatu. Tazama tarakimu ndogo kwenye karatasi ya katikati. Wewe umesikiliza moja, nne, mbili, tatu. Kile kilio ndicho mwisho. Kinafifia mpaka hakuna kitu.

Mama anasema hajawahi kusikia uchambuzi mzuri namna hiyo wa simfonia isiyokuwepo.

Mwanao

6 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, kama utaipokea. Hii ni barua ya tatu, mbili hukuzijibu. Nilimpigia simu fundi viatu. Amesema u mzima, unapiga pasi kimya kimya, gramafoni umemrudishia na redio umeizima. Hilo la redio limeninyima raha.

Nilikosea. Barua ilikuwa yangu, haikuwa ya meza nzima.

Kuna jambo hujui. Tangu mumewe afariki, Mama hausikilizi upande wa nne. Baada ya gwaride huinua sindano, anakwenda kuchemsha chai. Mimi nilidhani ni kiu. Jumapili iliyopita aliniomba nipige kwa mpango wako: moja, nne, mbili, tatu. Kilio kilipoanza alishika mkono wa kiti, hakuinuka. Ilipokuja ile dansi akasema, "Huyu shangazi yako amenipa pa kwenda baada ya hapo." Anataka kukuandikia, anaogopa.

Nieleze Agosti niwe wapi. Nitakapoambiwa ndipo nitakapokuwa.

Mwanao

20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, magoti yana habari zilezile.

Nilisikiliza mara moja kwa mpango ulio sahihi. Kile kilio kilipofifia, duka lilikuwa kimya, hakuna mteja, nikawa nimesimama na pasi baridi. Ndipo nikarudisha gramafoni. Kucheka kwenu kuliniuma, ila nisikudanganye, hakikuwa kicheko kilichonizimisha redio. Ni kwamba ninyi mlikuwa wawili mnacheka, na mimi nilipiga makofi peke yangu. Namwonea wivu. Mtu mzima, mvi kichwani, namwonea wivu mjane kwa sababu ana kiti karibu na chako.

Wivu wenyewe haujaisha, usitangaze kwamba umeisha. Ila mtu aliyeinua sindano miaka yote hiyo nisingependa aogope kuniandikia.

Njoo Agosti, na mkeo, na umlete. Aje na ile rekodi ya Warusi wenyewe, gramafoni nitaiazima tena. Tutasikiliza kwa mpango wake, kisha kwa wangu, na asiyetaka kulia atapewa mashati akunje. Viti vinne nimeshavipanga. Mgeni wetu atakaa karibu na gramafoni, kwa heshima yake, na mkeo pembeni yake. Wewe utakaa kando yangu.

Shangazi yako