Uzi Uliokatika Murongo

Dada Kemilembe, shikamoo.

Uzi wa kuunga vitenge vya marehemu mama viwe blanketi nimeutafuta hapa Murongo, mpakani. Mchuuzi mmoja aliapa kwamba uzi wake unafunga hata fahali. Nikauvuta mara moja, ukakatika kama tambi.

"Mama, umeuvuta kwa hasira!" mchuuzi akanilaumu.

"Na wajukuu watano wakigombania blanketi, watavuta kwa upole?"

Fundi cherehani wa jirani alicheka mpaka akapindisha mshono. Akaniuzia uzi wake, nao ukanichana kidole bila kukatika. Ndio ninaokuletea. Wewe loweka kile kitenge chekundu ambacho mama hakuwahi kukivaa, kisije kikavitia rangi vingine. Mama alitufunika miaka yote. Hatafumuliwa na mwongo wa sokoni.

Nakukumbatia,
Mdogo wako, Koku