Shangazi Aonyeshwa Sinema Yake

Ijumaa, baada ya Alasiri. Hapa Ghubra, Maskati, leo hewa imesimama, nguo kwenye kamba hazikauki, na moyo wangu ndiyo hivyo hivyo.

Naandika nipate kupumua.

Shangazi yangu Bi Zuwena alicheza sinema. Wengi hawajui. Usichana wake, Unguja, jirani yao mpiga picha alikuwa na kamera ya kuzungusha kwa mkono, isiyonasa sauti. Akitengeneza michezo mifupi uani kwake, na Shangazi ndiye mwenye kulia, kuzimia, kufukuzwa na mama wa kambo, yote kwa uso na mikono tu. Wanawake wa mtaa wakitandikiwa shuka ukutani, wakimtazama na kulia naye. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiona. Mama yake alimzuia ndani kila ilipoonyeshwa, asije akatambulikana.

Baba yake alipojua, hakumpiga. Alimuoza huku Omani, kwa mtu wa Qurayyat, mtu mzima mwenye watoto wakubwa.

Mume naye, Allah amrehemu, wageni wakija humwita, "Zuwena, tuchezee ile ya kulia." Basi atalia bila sauti, na mawifi washike mbavu.

Juzi mjukuu wa yule mpiga picha kapita Maskati, kanipa fleshi, kile kidude cha kuchomeka kwenye tivii. Mkanda wenyewe, anasema, umemegukameguka, kilichosalia kimo humo tu, nakala nyingine hana. Nikampa Hanaa, binti wa kaka yangu, autayarishe mchezo kwa tivii, tuutazame leo ukoo ukikusanyika kwa chakula cha mchana. Shangazi alikoga, akajifukiza udi, akakaa mbele kabisa.

Hanaa alikuwa ameutia sauti. Na masikio.

Yule msichana anapiga magoti, machozi yanamtoka kweli kweli, na kichwani ana masikio ya panya, na sauti nyembamba ya katuni inasema, "Mama, nipe biriani, nna njaa mie."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Kaka yangu akawa anapangusa macho. "Bibi, kumbe mlafi tangu zamani," akasema mmoja wa watoto.

Nami nilicheka. Kidogo, lakini nilicheka.

Shangazi hakugeuka. "Nani huyo anayesema? Mimi sikusema hivyo."

"Bibi, wewe hukusema kitu," Hanaa akamwambia. "Sinema bubu hiyo."

"Nilisema."

Hakuna aliyemuuliza alisema nini. Ikaletwa halua na kahawa, kikapitishwa chetezo, wakajifukiza, wakaenda zao.

Tulipobaki wawili nikaichomeka fleshi, nikamwonyesha mchezo wenyewe, usiotiwa kitu. Aliutazama wote, midomo yake ikenda sawasawa na ya yule msichana. Nikadhani nimeyatengeneza.

Akaniomba fleshi. Nikampa. Akaiweka ndani ya chetezo, juu ya makaa, taratibu, kama anayeongeza udi.

"Shangazi, ndiyo hiyo tu iliyobaki."

"Najua, mwanangu. Wameshamcheka."

Nilinyoosha mkono niitoe. Akanitazama, nikaurudisha. Plastiki ikajikunja, ikanuka nyumba nzima.

Sasa amelala, au kajilaza tu. Nimefungua madirisha, harufu haitoki. Ile ya masikio Hanaa ameshaitia kwenye kundi la ukoo, na tangu nianze kuandika simu inaita. Jamaa wa Ruwi wananiuliza kama ipo nyingine.

Ya Rabbi, niwajibu nini, nami nilicheka?