Nilichokata ndani ya mashine ya oksijeni

Uvira, Jumanne. Mvua imeacha saa nne hivi, lakini wingu bado limekaa juu ya ziwa. Kichwa changu nacho kiko vilevile.

Jana asubuhi Zawadi, muuguzi mkuu wa kituo kimoja cha afya huko Luvungi, alinipigia simu. Mashine yao ya oksijeni, ile moja tu waliyo nayo, imezima. Kuna mtoto wa miezi minane mwenye nimonia, na gari la wagonjwa limekwama kwenye matope. Mimi ni fundi wa umeme. Nikapanda pikipiki.

Kosa nililipata haraka: kichujio kilikuwa kimejaa vumbi. Nikakibadilisha. Mashine ikawaka, kisha ikaandika kwenye kioo chake: weka kode ya fundi.

Kode gani, namba gani ya siri? Nikampigia muuzaji, Kinshasa. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba kode iko kwa kiwanda, ng'ambo, na programu ni siri yao. Tuirudishe mashine, wataiangalia.

Midomo ya mtoto ilikuwa inageuka rangi ya majivu. Mama yake, Nabintu, hakulia. Alikuwa anaitazama mikono yangu tu.

Basi nikatoa kadi ya umeme yenye ile programu, nikaweka minuteri yangu ndogo, ile ya kuhesabu muda, iwe inafungua na kufunga hewa. Mashine ikaanza kupumua. Baada ya muda midomo ikarudi rangi yake.

"Aksanti sana, dada yangu," Nabintu akaniambia. "Mungu akuchunge."

Sikumwambia kitu. Hata Zawadi sikumwambia.

Pamoja na ile kadi niliikata alarme, ile inayolia oksijeni ikipungua. Nilijua. Nikarudisha kifuniko, nikakaza vis za kukishikilia, nikaondoka.

Leo rafiki yangu Espérance, mwalimu wa informatique, mambo ya kompyuta, amekuja na barua ya kupelekea wadeputé wa bunge. Inaomba sheria: kila mashine na programu inayoingia nchini ije na kode yake wazi, yale maandishi ya ndani yanayoiendesha, ili watu wa hapa waweze kuisoma na kuitengeneza.

"Weye usaini wa kwanza," akasema. "Weye ndiye unajua hii mateso."

Nikashika kalamu. Nikairudisha mezani.

Kama ile kode ingekuwa wazi jana, ningeelewa nini? Ufundi nimeujifunza kwa mikono. Ningeona herufi tu. Na kama kila fundi anaweza kufungua, si watakuwa wengi wanaofungua kama mimi, gizani?

"Haiko lazima weye uisome," Espérance akanijibu. "Inatosha mumoja wetu aweze."

Ameniachia barua akaenda. Bado sijui. Angekuwepo huyo mmoja wa kusoma jana, nisingekata alarme. Lakini aliyekata ni mimi, si kiwanda. Na aliyenyamaza ni mimi.

Mchana nikampigia Zawadi, nikamwambia yote. 

"Nilijua kuko kitu," akasema. "Tangu uende, haijalia hata mara moja."

"Sasa mbona haukuniuliza?"

"Niliogopa utaizima mashine."

Kumbe tangu jana anakaa na mtoto, anampima oksijeni kwenye kidole kila baada ya robo saa, bila kumwambia mtu sababu. Mtoto amenyonya asubuhi ya leo, akasema. Hapo ndipo nilipolia, na sijui kama ni furaha au haya.

Sasa nimechora kwenye karatasi kila waya niliougusa. Juu nimeandika kwa herufi kubwa: MASHINE HII HAINA ALARME, MGONJWA ASIACHWE PEKE YAKE. Kesho naipeleka Luvungi mwenyewe, naibandika, na Nabintu nitamwambia nikimtazama machoni.

Barua ya Espérance bado iko mezani. Nitasaini? Na nikisaini, nitakuwa naomba haki, au naomba msamaha?