Vipande vya Rangi Nyingine

Jumatatu, 4 Machi
Jirani amehama! Nimeingia karakana, meza iliyopakana na yangu tupu. Hata kibao chake cha kuwekea mguu kachukua. Yuko kule mwisho, mashine kaigeuza, mgongo ukutani. Nimempungia mkono, akainamia mshono. Chakula nimekula peke yangu.

Jumanne, 5 Machi
Msimamizi anasema kaomba mwenyewe. Eti amechoka kurushiwa vitambaa. Lakini ndivyo tunavyomwita! Yeye kiziwi, wengine wako mbali, mashine zinanguruma — utafanyaje? Unaviringa kipande, unamrushia begani, anageuka. Mkataji wa vitambaa ana shabaha, humpata kisogoni. Tunacheka. Naye alikuwa anacheka. Nadhani alikuwa anacheka.
Aliyeanzisha ni mimi. Kwa mapenzi tu.

Jumatano, 6 Machi
Nammiss. Saa ya chai alikuwa anagonga meza yangu kwa kidole, mara mbili, twende. Leo nimekaa hadi chai ikapoa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemlalamikia dada. Sikuwa na nia mbaya, na mbona hakusema siku zote hizo? Dada anamenya viazi, hata kichwa hakuinua. Akauliza kazini wakinitaka wananiitaje. Kwa jina, nikamwambia. Akauliza kama kuna aliyewahi kunitupia kitu ili nigeuke.
Nimenuna. Viazi havikupita.

Ijumaa, 8 Machi
Zamu yangu kufagia. Wiki hii Jirani anashona mashuka meupe matupu. Chini ya kiti chake nimekuta vipande vyekundu, vya kijani, vya maua, vya jinzi. Kumbe hata kule vinamfuata. Tofauti ni kwamba sasa anaviona vikija.
Mimi nilirusha kimoja kimoja, nikaita utani. Yeye kavipokea vyote, vya kila mtu. Mkuki kwa nguruwe! Mimi nikisukumwa kidogo tu kwenye foleni ya chai, maneno hayaishi.
Nimemwandikia ujumbe kwenye simu. Nimefuta. Kila sentensi ilikuwa inanitetea mimi.

Jumatatu, 11 Machi
Nimemwambia mkataji aache. Kasema siku hizi nimekuwa mwalimu wa adabu, na mchezo wenyewe nani aliwafundisha?
Saa ya chai nikaenda hadi mbele ya mashine yake, pale anapoweza kuniona. Sikupunga, sikugonga. Mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa. Karakana nzima macho kwangu. Msimamizi akaniita — kwa jina langu, vizuri kabisa. Sikugeuka.
Aliniona, najua. Kivuli changu kilikuwa juu ya shuka lake. Akainua kidole kimoja: subiri. Kisha akarudi kwenye upindo. Shuka la kitanda kikubwa, upindo hauishi.
Kengele ya kurudi kazini ikalia. Yeye bado anashona, mimi bado nimesimama.