Dawa Iliyolala kwenye Barafu

Jumatatu, 4 Machi
Mwanaidi kaninyang'anya mchi tena. Natwanga kisamvu uani, mara huyo wifi yangu, mbio kutoka nyumba ya pili: "Wifi, utaanguka!" Kweli pumzi zilikuwa zimekata. Hilo ndilo linaloniudhi. Mgahawa wangu, madereva wote wa malori wanaopita Mikumi wananijua, halafu kisamvu anatwanga mwingine.

Figo zimekufa, sawa. Mashine ya Dar inanisafisha. Lakini damu nayo imegoma kupanda.

Jumatano, 6 Machi
Nimechomwa sindano ya kuongeza damu, hapa hapa zahanati. Soko huria hili, dawa zipo maduka ya Dar, ujinunulie na ujitunzie. Nazileta kwenye chupa ya chai yenye barafu, namkabidhi Mwanaidi. Friji analo yeye, anauza barafu za ukwaju kwa watoto. Siku ya sindano ananiletea kichupa mkononi.

Leo kaleta na jagi la juisi ya rozela. Eti inaongeza damu. Mtu napimiwa maji kwa kikombe, jagi zima nitaliweka wapi? Nimepiga funda moja, asinune.

Ijumaa, 8 Machi. Dar
Hasira.

Damu imeshuka tena. Daktari kanitazama kama mwizi: "Mama, hizi sindano kweli unachoma, au unauza?" Mimi!

Anataka niongezewe damu ya chupa. Nimekataa. Mdogo wangu Zuberi ameahidi kunipa figo yake, na daktari huyu huyu ndiye aliyenieleza: damu ya watu ikiingia mara kwa mara, mwili unajifunza kukataa vya watu. Na figo unaweza kuikataa. Nimeshaongezewa huko nyuma. Basi, imetosha.

Kanipa mpaka mwisho wa Aprili. Nikizidiwa kabla ya hapo, hataniuliza, ataniongezea tu. Tutaona.

Jumapili, 10 Machi
Zuberi kaja kutoka Kilosa. Shikamoo haijapoa, kaanza: niongezewe tu, figo itasubiri. Nikamwambia figo hiyo ni yangu, asinipangie. Kacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 13 Machi
Mwanaidi yuko msibani Vidunda. Nikaenda kuchukua kichupa mwenyewe. Chini kwenye friji hakuna. Nikafungua juu, kwenye barafu za ukwaju. Vichupa vyangu vyote humo, vigumu kama mawe.

Sista wa zahanati kasoma karatasi ya ndani ya boksi. Dawa hii ikiganda imekufa. Hata ikiyeyuka, haifanyi kazi.

Muda wote huu nachomwa maji.

Alhamisi, 14 Machi
Mwanaidi karudi. Nimempigia kelele mpaka wateja wakaacha kula.

Kalia sana. Umeme wa mgao ukikatika, chini kunapata joto, akaona bora azipandishe kwenye barafu zikae salama. Asubuhi ya sindano anakiyeyusha kichupa kifuani, ndani ya khanga, nisichomwe baridi. Kifuani! Nilitaka nimchukie. Nimeshindwa. Lakini msamaha bado sijatoa.

Ijumaa, 15 Machi. Dar
Nimemmwagia daktari vichupa mezani. Nikamwambia: sikuuza.

Hakuomba radhi. Kasema tuanze upya na vichupa vipya, na ataongeza dawa ya chuma nikiwa kwenye mashine, maana chuma nacho kimepungua. Kisha kaitaja tena damu ya chupa. Nikamkumbusha: mwisho wa Aprili, ulisema wewe.

Jumamosi, 30 Machi
Kizunguzungu. Nimehudumia wateja nimekaa kwenye kigoda. Jana usiku nililia, nikasema kesho nakubali damu yao ya chupa. Asubuhi nimeghairi.

Umeme umekatika mchana. Mwanaidi kafunga barafu kwenye kitambaa, kaitumbukiza kwenye chupa ya chai, dawa kaiweka juu yake isigusane. Kaja kunionyesha kabla ya kufunga kifuniko.

Jumanne, 23 Aprili. Dar
Imepanda! Si sana, lakini imepanda. Daktari kaisoma karatasi mara mbili. Chupa ya damu hakuitaja. Nilikaa pale kwa makusudi, nikimsubiri aitaje.

Jumamosi, 27 Aprili
Mvua imekatika asubuhi. Nimetwanga kisamvu, chote. Katikati nilipumzika, nimesimama, mchi mkononi.

Mwanaidi alikuwa anafua uani kwake. Kaacha kufua, kasikiliza kinu. Hakuja.

Bakuli la kwanza nimempelekea yeye.